Jumamosi za Mtoano

Gladwell Wachuka alikuwa mfumaji wa sweta za shule pale Majengo, Nyeri, na kila Desemba mikono yake ilikuwa ya watoto wa watu wengine. Mashine yake ya kufuma ilikaa karibu na dirisha la chumba cha kupanga, si mbali na msikiti, na ikianza kukwaruza majirani walijua kumekucha. Walijua pia siku ambazo amekasirika, kwa sababu siku hizo mashine ilienda mbio.

Mwaka huo, katikati ya miaka ya tisini, mashine ilianza kunyamaza mchana. Mume wake, Moffat Muriithi, alikuwa mgonjwa.

Moffat alikuwa fundi wa mawe. Maduka mengi ya Majengo yalikuwa yamesimama juu ya mawe aliyoyachonga yeye, na alikuwa amejenga hadi Kutus. Alikuwa na sauti nene. Akiitisha maji juu ya jukwaa, mtaa wa pili waliitika. Kisha kitu kikamshika kooni, kama punje ya mahindi ya githeri iliyokataa kushuka. Alikohoa, akanywa maji ya moto, akanywa mitishamba, punje ikabaki pale pale. Walipofika hospitalini, ilikuwa saratani. Walimpeleka Nairobi kuchomwa miale, akarudi amekonda na sauti imebaki mnong'ono. Mwezi wa Novemba daktari alimwita Wachuka kando.

"Mama, mpikie kile anapenda," alisema. "Na kama kuna mtu angetaka kumwona, aje."

Wachuka alijua ni nani. Mtoto wao wa pekee, Gicheru, alikuwa Marekani, katika chuo kidogo cha jimbo la Ohio kinachoitwa Wexley. Alikuwa amepelekwa huko na mguu wake wa kulia. Alipokuwa kidato cha nne, mwalimu mmoja Mmarekani wa kujitolea alimwona akipiga mpira wa raga kutoka katikati ya uwanja, na viatu vya shule, ukapita kati ya milingoti. Mwalimu akashika kichwa. Kwao, alisema, kuna mchezo wa mpira ulio kama yai, na kila timu ina mtu mmoja ambaye kazi yake ni hiyo tu. Akaandika huku na kule, na baada ya mwaka Gicheru akapanda ndege. Chuo kilimsomesha, naye akapiga mpira.

Njiani kutoka hospitali Moffat alisimama na kumshika mkewe mkono.

"Usimwambie."

"Baba Gicheru..."

"Anasoma na mguu. Akikuja hapa kuniangalia nikifa, timu ichukue mtu mwingine, atarudi huko na nini? Apa."

Alikataa kutembea hata hatua moja mpaka mkewe aape. Wachuka akaapa, pale kando ya barabara, watu wakipita na mizigo yao.

*

Gicheru alizoea kupiga simu Jumapili baada ya kanisa, kwa duka la dawa la Simeon Kathurima. Kathurima alikuwa Mmeru aliyehamia Nyeri zamani, mtu wa maneno machache, na simu yake ilikuwa simu ya nusu ya Majengo. Jumapili ya mwisho ya Novemba Moffat bado aliweza kutembea na fimbo. Alikaa juu ya kreti, Wachuka akainama karibu ili asikie.

"Baba, tumeingia kwa wale kumi na sita!"

"Kumi na sita wa nini?"

"Wa mtoano. Ukipigwa mara moja unaenda nyumbani. Jumamosi hii tuko kumi na sita, ijayo nane, halafu nne, halafu fainali."

"Kama Kombe la Kutus," Moffat alinong'ona. Kila mwisho wa mwaka, timu za Karatina, Kerugoya na Kenol zilikutana Kutus kutoana kwa ajili ya fahali mmoja, naye alikuwa akimbeba Gicheru mabegani kwenda kutazama.

"Kama Kutus kabisa. Lakini vyuo vile vikubwa, vya kuonyeshwa kwa televisheni, havina mtoano. Kila kimoja kinacheza mechi moja ya mwisho wa mwaka, halafu waandishi wa magazeti na makocha wanapiga kura kusema nani bingwa."

Moffat alicheka hadi akakohoa. Yeye aliwahi kupiga kura kwa kupanga foleni nyuma ya mgombea na kuona kwa macho yake foleni fupi ikitangazwa ndefu.

"Kura! Ati mtu anakuwa bingwa kwa kura? Na yule wa pili hapewi nafasi amguse?"

"Hapewi. Kila mwaka wanateta."

"Basi afadhali nyinyi wadogo. Kwa mtoano hakuna wa kuhonga."

"Baba, hiyo kikohozi ni ya nini? Na sauti yako?"

"Ni vumbi ya simiti. Wacha hiyo. Unakuja lini?"

Hapo ndipo Gicheru alipoeleza, na ndipo taabu ya Wachuka ilipoanza. Kocha alikuwa amemkubalia aende nyumbani mara tu msimu ukiisha, mara ya kwanza tangu aondoke. Wakitolewa Jumamosi ya kwanza, angefika mwanzoni mwa Desemba. Wakiendelea, angesogea wiki baada ya wiki. Wakifika fainali, ndege zote zingekuwa zimejaa watu wa Krismasi, na hangepata nafasi kabla ya mwaka mpya.

"Usituletee uso wako hapa kabla ya fainali, baba," Moffat alisema. Alimwita mwanawe "baba" kwa sababu kijana alikuwa amebeba jina la baba yake Moffat.

Wachuka alinyoosha mgongo. Watoto wa shule wangeweza kufanya hesabu hiyo. Kila ushindi ulikuwa wiki moja, na Moffat hakuwa na wiki za kugawa.

*

Jumamosi iliyofuata, kwenye maombi ya kanisani, walimwombea Gicheru. Mchungaji aliitaja timu ya Wexley juu ya madhabahu kana kwamba ni ya Othaya hapo jirani, na akina mama wa chama wakafumba macho. Wachuka naye akafumba. "Mungu," aliomba moyoni, "wapigwe. Wapigwe vibaya, wapigwe leo." Alipofumbua macho aliona wenzake wakimtabasamia, akatamani sakafu ifunguke.

Walishinda. Jumapili ile Gicheru alipiga simu akicheka. Moffat aliinua ngumi juu ya kreti kama mtu wa siasa, na Wachuka akasema, "Mungu asifiwe," maneno yakamkwaruza mdomoni kama majani makavu.

Wiki ya pili Moffat hakuweza tena kumeza uji mzito. Wachuka aliuchuja mara mbili na kumnywesha kwa kijiko, akihesabu kwa macho kila mara koo lake lilipopanda na kushuka. Aliacha sweta, wazazi wakaanza kunung'unika mlangoni. Jumamosi aliomba tena, mara hii bila haya, kwa sauti ya chini akiwa peke yake anafua. Jumapili Moffat alibebwa mgongoni na Kathurima mwenyewe hadi dukani. Simu ililia.

"Baba, mimi ndio niliwapiga! Muda umeisha, tuko nyuma kwa pointi mbili, wananiita. Watu wote wananyamaza. Mpira unawekwa chini, napiga, unapita katikati kabisa!"

"Ulitetemeka?"

"Miguu hapana. Mikono ilitetemeka."

"Mikono haina kazi hapo," Moffat alisema, na machozi yalikuwa yanashuka.

Baada ya kumlaza, Wachuka alirudi dukani kuchukua dawa ya maumivu. Kathurima aliifunga ndani ya karatasi lakini hakuiachilia.

"Mama Gicheru, mimi nauza dawa. Siku siuzi. Hii ni ya kumfanya alale tu. Utamwambia kijana lini?"

"Nimeapa."

"Umeapa kwa mgonjwa. Na huyo mwenye mguu je? Yeye hakuna mtu ameapa kwa ajili yake?"

Wachuka alimnyang'anya karatasi ile na kutoka bila kuaga. Usiku na mchana wa wiki hiyo alikuwa mtu wa kushtuka. Mlango ukigongwa, anashtuka. Moffat akinyamaza sana, anaenda kuweka mkono kifuani pake. Alikuwa amepanga hivi: timu nne zimebaki, hata Mungu akiwa na shughuli, Wexley haiwezi kushinda kila siku. Watapigwa. Atakuja bila kuitwa. Kiapo kitabaki kizima.

Jumapili ya tatu Moffat hakuweza kubebwa. Alimwashiria aende peke yake. Kathurima alipomwona akiingia bila mume, aliwatoa wateja nje na kufunga nusu ya mlango.

Simu ililia. "Maitu!" Gicheru alimwita mama kwa Kikuyu. "Fainali! Tuko fainali!"

Wachuka alishika ukingo wa meza.

"Mpe baba. Mwambie nilipiga tatu, moja kutoka mbali mpaka kocha..."

"Gicheru."

"...mpaka kocha akaanguka chini. Mpe basi."

"Gicheru, nyamaza kwanza. Baba yako hayuko hapa. Baba yako hawezi kutembea." Alisikia sauti yake mwenyewe kama ya mtu wa chumba kingine. "Iko kooni. Si vumbi. Ni saratani, na daktari amesema ni ya mwisho. Kama unataka kumpata, kuja."

Mvumo wa mbali ulisikika kwenye simu, kama upepo ndani ya mtungi.

"Tangu lini?" Gicheru aliuliza.

"Alianza kuugua Agosti. Daktari aliniambia Novemba."

"Kwa hivyo Jumapili hizi zote nikimwambia mambo ya mpira..."

Kukasikika mlio, laini ikakatika. Wachuka alisimama na simu sikioni mpaka Kathurima akaichukua polepole na kuirudisha mahali pake. Walingoja. Haikulia tena.

Nyumbani Moffat alikuwa macho. "Wameshinda?"

"Wameshinda."

Aliinua ngumi. Haikufika mbali, lakini aliinua. Wachuka akageuka kuchochea jiko lililokuwa linawaka vizuri.

Siku zilizofuata hakujua kama mwanawe anakuja au la. Hakujua kama amekasirika, kama kocha amemkataza, kama ameamua kucheza fainali kwanza. Alikuwa amevunja kiapo na pengine hakupata chochote. Alifuma sweta moja nzima ya kijani kumbe iliagizwa ya buluu, akaifumua.

Alhamisi, jua likiwa bado juu, mlango ulisukumwa bila kugongwa. Gicheru aliinamisha kichwa kupita. Alikuwa amekuwa mkubwa kuliko mlango. Kocha alikuwa ameenda mwenyewe kwa watu wa ndege, wachezaji wakachanga, akapitishwa njia ya kuzunguka nchi mbili na kulala kwenye viti. Hakumsalimia mama yake. Alipiga magoti kando ya kitanda.

"Baba."

Uso wa Moffat ulifunguka wote. Wachuka alikuja kusema baadaye kwamba kwa sababu ya uso ule peke yake angevunja viapo kumi. Lakini haukukaa. Moffat alihesabu siku, akakumbuka Jumamosi, kisha akamwangalia mkewe.

"Ulimwambia."

Akageukia ukuta. Jioni ile Wachuka alipoleta kijiko cha uji, Moffat alifunga mdomo. Gicheru alipokishika yeye, akala.

*

Siku nzima ya Ijumaa Moffat hakumwambia mkewe neno. Kwa mwanawe alikuwa na swali moja tu.

"Kesho nani anapiga?"

"Kijana anaitwa Doug. Wa mwaka wa kwanza."

"Anajua?"

"Anajua kidogo."

"Kidogo!" Moffat alisema, na neno hilo lilimchosha, akalala.

Jumamosi asubuhi Gicheru alienda kuzungumza na Kathurima. Mchana Kathurima alileta pikapu yake mpaka mlangoni. Walimfunga Moffat blanketi mbili, wakamweka kwenye kiti nyuma, Gicheru akikishika kiti na Wachuka akikishika upande mwingine, na Moffat katikati yao akiangalia mbele. Waliingia shule moja ya wavulana iliyofungwa kwa likizo. Mlinzi aliwafungulia alipoona mgonjwa. Mwishoni mwa uwanja kulikuwa na milingoti ya raga. Upepo ulikuwa unashuka kutoka mlimani, wa baridi, usio na mpangilio.

Gicheru alitoa ndani ya begi mpira wa ngozi wenye umbo la yai. "Kuna mtu hushika mpira kwa kidole nikipiga," alisema. Aliangalia mlinzi, akaangalia Kathurima. Kisha akamwangalia mama yake. "Maitu, piga magoti hapa."

Hayo yalikuwa maneno ya kwanza ya Gicheru kwa mama yake, ukiacha salamu.

Wachuka alipiga magoti kwenye nyasi. Gicheru alimwonyesha: ncha moja chini, kidole kimoja juu, usibonyeze, usiangalie mguu. Alirudi nyuma. Wachuka alisikia viatu vikija, akasikia upepo wa mguu ukipita usoni pake. Kishindo. Mpira ulipaa, ukapinda, ukagonga mlingoti wa kushoto na kuanguka nje.

Nyuma ya pikapu Moffat alikuwa ameinamia mbele, macho yametoka.

Gicheru aliufuata, akaurudisha. Mara ya pili ulipita katikati. Wachuka alimgeukia mumewe. Moffat aliinua mkono kutoka ndani ya blanketi na kusukuma hewa: rudi nyuma.

Walirudi nyuma. Ulipita. Mkono ukasukuma tena. Walirudi. Ulipita, mara hii ukipaa juu hata mlinzi akasema, "Haiya!" Mkono ukasukuma tena. Magoti ya Wachuka yalikuwa yamelowa na kidole kimekufa ganzi kwa baridi. Kila mara alijiambia mguu utamvunja mkono, na kila mara hakukisogeza kidole kile. Gicheru alikuwa anatoa jasho na kuhema. Sasa walikuwa mbali hata milingoti ilionekana kama sindano mbili.

Alipiga. Mpira ulienda wima, ulienda vizuri, kisha ukachoka, ukashuka chini ya mti unaounganisha milingoti.

Moffat alishusha mkono. Walipofika kwenye pikapu aliwangoja wakaribie ndipo akasema, maana sauti yake ilikuwa ya karibu tu.

"Sasa nimejua mwisho wa mguu wako. Mtu lazima ajue mwisho wa jiwe lake." Alipumzika. "Na mama yako hakusogeza kidole."

Jumapili Gicheru alienda dukani kupiga simu chuoni na kurudi uso umeanguka. Moffat aliinua nyusi.

"Tumepigwa, baba. Kwa pointi mbili. Doug alikosa ya mwisho."

"Kutoka wapi?"

Gicheru alifikiri. "Kama pale pa tatu jana."

Moffat alifumba macho. "Ungeipiga?"

"Sijui, baba."

"Mimi najua. Nilikuona." Akafumbua macho na kumtafuta mkewe chumbani. "Mama Gicheru, kuna uji?"

Alifariki siku mbili baada ya Krismasi, asubuhi, Gicheru akimshikilia kichwa na Wachuka miguu. Walimzika kwao, mlima ukiwa wazi, mafundi wenzake wakijenga kaburi kwa mawe bila kulipwa.

*

Katikati ya Januari Gicheru alirudi chuoni. Wachuka alimsindikiza stendi. Walikuwa wamekaa pamoja wiki hizo kwa upole, wakipishana chumbani kama watu waliobeba vyombo vya udongo. Gari lilipokuwa linajaa, Gicheru aliweka begi chini.

"Maitu, sikukasirika kwa sababu uliniambia. Nilikasirika kwa sababu ulingoja. Ningekuja Novemba. Baba alikuwa bado anatembea."

"Nilikuwa nimeapa."

"Najua ulikuwa umeapa."

"Na niliomba mpigwe," Wachuka alisema. Hakuwa amemwambia mtu yeyote. "Kila Jumamosi niliomba mpigwe, ili uje bila mimi kukuita."

Gicheru alimwangalia kana kwamba amesema kwa lugha nyingine. Dereva alipiga honi. Alimkumbatia kwa nguvu, haraka, akaingia, na Wachuka hakuweza kujua kumbatio lile lilikuwa jibu la nini.

Alirudi Majengo. Wazazi walikuwa wamepanga mstari mlangoni na watoto wasio na sweta, akaketi kwenye mashine na kufuma mpaka macho yakauma.

Jumapili simu ya Kathurima ililia kama kawaida. Gicheru alimuuliza kama analala vizuri. Wachuka, aliyekuwa ameamka saa nane za usiku kufuma, alisema analala vizuri sana. Naye Wachuka akamuuliza vivyo hivyo, na Gicheru akasema hata yeye, analala vizuri.